Maswali ya Wasomaji: Timu Iko Kambini, Mashabiki Roho Juu

Ligi haijaanza lakini simu yangu haipoi. Nimechukua maswali machache kati ya mliyotuma wiki hii kutoka kona zote za Mwanza. Ya nani anasajiliwa na nani anaachwa nimeyaweka kando, tetesi zina wenyewe.

Tumefungwa 3-0 na timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, kwenye mechi ya kirafiki. Tumfukuze kocha sasa hivi au tusubiri ligi? – Shabiki, Igoma

Ndugu yangu, mwache kwanza amalize hata wiki ya tatu. Mechi za mwanzo wa maandalizi huchezwa na miguu mizito. Jana yake watu wamepandishwa vilima na kushushwa, leo asubuhi wamebeba vyuma, jioni unawadai pasi za haraka. Wale mliocheza nao wana vijana wanaotafuta wa kuwasajili, kwa hiyo kwao ile ilikuwa fainali. Kocha wako hapo anahesabu dakika: huyu kapata 45, yule 30, beki aliyetoka majeruhi 20. Kipindi cha pili anaingiza kikosi kingine kabisa, na ndani yake kuna mtu wa majaribio ambaye hata mtangazaji wa uwanjani hajui jina lake.

Ukitaka kuhukumu, tazama magoli yameingiaje. Yakiwa yote ni ya kona, hilo ni la kurekebishwa mazoezini. Viungo wakipanda halafu baada ya dakika ya 60 hawarudi kukaba, hiyo ni pumzi. Wiki ya pili ni kawaida, wiki ya tano tuna tatizo. Mimi timu inayonitia wasiwasi ni ile inayocheza na timu za kata kila Jumamosi, inashinda 6-0, na picha zinasambazwa usiku kucha.

Kwa nini wakae kambini wiki tano au sita? Wanalipwa, si wangejiweka fiti wakiwa likizo? – Dereva wa daladala, Nyakato

Wapo wanaojitunza na wapo wanaorudi na vitambi, lakini hata anayejitunza hawezi kujimaliza mwenyewe. Wiki tatu au nne za kukaa zinatosha kushusha pumzi ya mchezaji, na kukimbia peke yako barabarani hakukufundishi kukata kona ghafla, kuruka na kutua huku mtu anakusukuma. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo huchanika hapo. Kuna zoezi moja, mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole huku akijizuia asianguke. Tafiti zimeonyesha linapunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu, ila wachezaji wanalichukia kwa sababu siku mbili za kwanza linawaacha wakitembea kama wazee. Likianza Julai, mwili unalizoea. Ukilianza katikati ya ligi unajitafutia lawama.

Kitu kingine ni maji. Ukipata nafasi ya kuingia mazoezini saa moja asubuhi, mtazame mtunza vifaa. Ameweka mizani kwenye kivuli, ana daftari lililofungwa raba, kila mchezaji anapanda kabla na baada ya mazoezi akiwa na bukta tu. Aliyepungua kilo 1 anatakiwa anywe kama lita 1 na nusu kabla ya mazoezi ya jioni, na chupa yake anakabidhiwa palepale. Kijana mmoja alijaribu kuimwaga kwenye maua. Akaongezewa nyingine.

Halafu kumbuka ligi yenyewe: timu 16, mechi 30, bado Kombe la Shirikisho la TFF. Kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Afadhali upande wa magharibi, tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kwenda Geita au Bukoba hakuna tena kupanga foleni ya kivuko pale Kigongo. Miguu isiyoandaliwa kwa mechi na safari hizo haina pa kujificha ikifika mzunguko wa pili.

Wenzetu Ulaya wanaingia kwenye maji ya barafu baada ya mazoezi. Sisi tuna ziwa zima, bure. Kwa nini tusiwapeleke ufukweni wakajiloweke? – Mwanachama, Kitangiri

Swali lako nimelipenda kwa sababu nimeona kwa macho timu za vijana zikifanya hivyo, na makocha wao wakijisifu.

Kwanza, maji ya ziwa letu si baridi. Huwa yanacheza kwenye nyuzi 24 hadi 26, ilhali wanaotumia maji ya baridi kupunguza maumivu ya misuli huingia kwenye nyuzi 10 hadi 15 kwa dakika kama kumi hivi. Kwa hiyo faida unayoitafuta haipo. Ulichowapa ni kuogelea.

Pili, na hili ndilo zito, kuna kichocho. Kando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa siku zote. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaokaa kwenye maji ya pembezoni, hasa penye majani, na hupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote cha maana. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, yaani muda ule ule ambao timu imemaliza mazoezi ya asubuhi na inatafuta pa kupoa. Mchezaji akiambukizwa anaweza kukaa miezi bila dalili, kisha anaanza kulalamika tumbo, kuharisha, uchovu usioisha. Mashabiki wanasema amelewa sifa, kumbe mwili unapigana vita. Waliokwisha kuingia ziwani waende wakapimwe choo kikubwa. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu vizuri, ila haikukingi: ukirudi majini unaambukizwa tena.

Sasa barafu. Mwanza kukosa barafu ni aibu, maana pale Mwaloni Kirumba inashushwa kila siku kwa ajili ya samaki. Nunua mabonge, pipa kubwa la plastiki, maji ya bomba na kipimajoto, umemaliza. Sharti moja: chukua barafu ambayo haijalaliwa na sangara, la sivyo chumba cha kubadilishia nguo kitanuka hadi mechi ya tatu. Na isiwe kila siku. Baridi ya mara kwa mara baada ya kubeba vyuma inapunguza ukuaji wa misuli unaoutafuta. Iweke kwa siku za mechi, na kwa zile wiki ambazo mna mechi mbili.

Mwanangu ana miaka 17, klabu inataka kumpa mkataba wa miaka mitano. Aliyemleta anasema ni wakala na anataka tumlipe laki tatu za kumfungulia faili. Nifanyeje? – Mama, Buhongwa

Mama, hongera kwa kijana, na hiyo laki tatu usiitoe.

Tuanze na miaka mitano. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kufungwa mkataba wa zaidi ya miaka mitatu; kipengele cha ziada hakitambuliwi hata mkisaini. Klabu inayojua kazi yake inalijua hilo, kwa hiyo waulize kwa upole wamepataje mitano. Majibu yao yatakuonyesha ni watu wa namna gani.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, na kwa mtoto wa umri huo hawezi kufanya kazi bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Mwombe leseni. Akianza hadithi ndefu, mwandalie chai, anywe, aende zake. Hakuna ada ya faili. Hakuna ada ya majaribio pia, na hili nawaambia wazazi wote, kuanzia Usagara hadi Magu, maana kila Julai watu wanauza mbuzi kwa ajili ya "nafasi" ambazo hazipo.

Kwenye mkataba wenyewe soma mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi, nani anatibu akiumia na kwa muda gani, anakaa wapi, na masomo yake yanaendaje. Mdomoni kila klabu ni tajiri. Omba nakala yenu iliyosainiwa siku hiyo hiyo, isiwe "tutawatumia". Na mkae mkijua kwamba kwa kanuni hizo hizo za FIFA, mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili ana haki ya kuiandikia klabu barua, kuipa angalau siku 15, na isipolipa anavunja mkataba kwa sababu halali. Bila nakala ya mkataba barua hiyo haina nguvu.

Niwageukie viongozi wa timu za mitaani mnaosoma hapa: kijana kama huyu akiuzwa nje ya nchi siku moja, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Hupati hata shilingi kama hukumsajili rasmi. Daftari la mwenyekiti halihesabiki.

Timu ikifungiwa kusajili, mbona wachezaji wapya bado wanaonekana mazoezini? – Mwanafunzi, Malimbe

Mazoezi hayazuiwi. Kinachozuiwa ni kumwingiza mchezaji mpya kwenye mfumo wa usajili, na asiye kwenye mfumo hachezi mechi ya mashindano. Mara nyingi chanzo ni deni la mchezaji au kocha wa zamani. Adhabu ya FIFA inaweza kufika madirisha matatu ya usajili mfululizo, na deni likilipwa inaondolewa. Ndiyo maana unaona klabu inalipa usiku wa mwisho wa dirisha kwa pesa ambayo mchana ilikuwa "haipo".

Pamba yetu ya zamani haikuwa na vifaa vya kuvaa kifuani wala kocha wa viungo, na ilichukua ubingwa. Haya mambo ya kisasa ni ya nini? – Mzee, Mabatini

Shikamoo mzee wangu. Hiyo Pamba, TP Lindanda wenyewe, ilikuwa bingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1990 na hakuna wa kuipunguzia hadhi. Ila hata waliokutana nayo hawakuwa na vifaa hivyo. Leo mpinzani anajua winga wake amekimbia kilomita ngapi na amechomoka kwa kasi mara ngapi, na anampumzisha kabla hajachanika. Wewe ukikisia, unakisia dhidi ya mtu anayejua.

Lakini sidhani kama kilichotusumbua ni vifaa. Pamba ilirudi Ligi Kuu 2024 baada ya zaidi ya miaka 20 nje. Katikati hapo tuliishi na Toto Africans, ikaja Mbao, ikaja Alliance. Mbao mwaka 2017 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho kule Dodoma na Simba ikaishinda 2-1 kwenye muda wa nyongeza. Miaka mitatu baadaye, 2020, Mbao na Alliance zikashuka kwa mkupuo. Sisemi zote zilishuka kwa sababu moja. Ninachoona ni kwamba wachezaji hatujawahi kukosa hapa. Vijana wa Mkolani na Igogo wangejaza timu tatu. Kinachokosekana kwenye klabu nyingi za mikoani ni pesa ya Februari. Julai kila mtu anachangia, kuna jezi mpya, kuna tamasha. Februari mdhamini hapokei simu na timu ina safari ya Mtwara. Kama mimi ningekuwa mweka hazina, ningeitengea akaunti yake leo, kabla hatujamsajili straika wa tatu kutoka nje.

Mdogo wangu ameambiwa moyo wake una shida kwenye vipimo vya kabla ya msimu. Anacheza vizuri tu na hajawahi kuanguka. Si njama za kumwondoa? – Dada, Pasiansi

Pole sana dada. Lakini kucheza vizuri si ushahidi kwamba moyo ni mzima. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003 akiwa na miaka 28, mbele ya dunia nzima, na hakuamka. Christian Eriksen alianguka mwaka 2021 na yuko hai kwa sababu alihudumiwa palepale. Mpeleke kwa daktari wa moyo, Bugando ni hospitali ya rufaa na iko hapa hapa, arudiwe kipimo cha umeme wa moyo na cha picha. Wakati mwingine moyo wa mwanamichezo huonekana tofauti na ni wa kawaida. Daktari ndiye wa kutenganisha. Hadi majibu yatoke asicheze, hata ndondo ya Jumapili.

Je, ni kweli timu haiwezi kuanza msimu bila "wataalamu", yaani waganga? – Asiyetaka kutajwa, Mkuyuni

Nijuacho ni kwamba klabu za ligi yetu zimepigwa faini kwa kukataa kupita mlango rasmi wa uwanja kwa sababu ya imani hizo. Pesa hiyo ingenunua barafu ya msimu mzima.

Natoka Ukerewe, nakuja kufanya majaribio mwezi huu. Nijiandae vipi? – Fulubeki wa kulia

Mdogo wangu, wiki ya mwisho usijichoshe. Watu wanakimbia ufukweni hadi usiku, wanafika kwenye majaribio wameisha. Fanya mbio fupi za kasi, pumzika, lala.

Uliza majaribio ni uwanja gani. Kama ni Nyamagana, nyasi ni bandia. Meno marefu ya chuma yatakunasa goti, tafuta njumu za meno mafupi mengi, hata za kuazima. Kula yakiwa yamebaki masaa matatu au manne kabla ya kucheza: ugali au wali, samaki, viazi vitamu sawa. Michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iache kwa siku nyingine, inajaza tumbo.

Uwanjani cheza nafasi yako. Fulubeki anayetaka kupiga chenga watu wanne ili aonekane, anaonekana kweli, na jina lake linakatwa. Kaba, toa pasi rahisi, rudi kwenye nafasi, ongea na wenzako. Njoo na nakala ya cheti cha kuzaliwa na cha shule. Na vuka siku moja kabla. Meli ya Nansio ikichelewa, kocha hatakusubiri.