Hesabu mizunguko kwanza, uga sumaku baadaye

Wewe unayeanza kupima uga sumaku ndani ya mawingu ya gesi yenye ioni (atomi zilizong'olewa elektroni), yale yanayowashwa na nyota changa, anza na baiskeli. Hapa Tanga hutaikosa. Paka rangi spoki mbili zinazotazamana, fumba macho, mwenzako azungushe gurudumu. Ukifumbua utaona spoki zimelala wapi. Zimepita nusu mizunguko mingapi? Hujui.

Mawimbi ya redio ya galaksi ya mbali yakipenya wingu hilo, uga sumaku na elektroni za humo hugeuza mwelekeo wa mtetemo wake vivyo hivyo. Mwanafizikia Michael Faraday aliliona jambo hili kwenye kioo mwaka 1845. Pembe hukua kwa mraba wa urefu wa wimbi, na nyuzi 180 huonekana sawasawa na sifuri.

Mimi nilijitia ujuzi nikiwa na urefu wa wimbi wa aina mbili tu, sentimita 20 na sentimita 6. Hapo, kukosea nusu mzunguko mmoja kunahamisha kipimo chako cha mgeuko radiani 86 hivi kwa kila mita ya mraba ya urefu wa wimbi. Nikapata chanya 46, nikawatangazia wenzangu kwamba uga unatuelekea. Kumbe ilikuwa hasi 40, uga umetupa mgongo! Wiki tatu za kukesha Chumbageni, feni ikipuliza joto, zikaenda na maji. Siku hizi nataka urefu wa mawimbi mwingi, uliokaribiana, nichore pembe dhidi ya mraba wa urefu wa wimbi nione mstari unanyooka.

Kisha toa vya njiani. Pima pia galaksi zinazoonekana kando ya wingu, ujue mgeuko usiotokana na wingu, uuondoe. Ondoa na mgeuko wa ionosfea, tabaka la juu la hewa lenye ioni, na iwe ile iliyo juu ya darubini. Kuna kijana alitaka kutumia ya juu ya Raskazone, hapa Tanga, kwa sababu ndiko alikokaa na kompyuta.

Halafu elektroni, maana bila kuzijua huwezi kuutoa uga kwenye mgeuko. Msongamano wake tunaukisia kwa mng'ao wa gesi, na mng'ao hufuata mraba wa msongamano. Gesi ikiwa na mabuje kama uji uliopikwa kwa haraka, utadhani elektroni ni nyingi kuliko zilivyo, na uga utakaopata utakuwa mdogo mno. Swali la mabuje ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Jibu likitoka, tegemea mikrogausi chache (gausi ni kipimo cha uga sumaku, mikrogausi ni sehemu yake ya milioni), tena ni sehemu ya uga iliyo kwenye mstari wa macho tu. Sumaku ya Dunia hapa Tanga ni kama theluthi ya gausi, maelfu kwa maelfu zaidi. Ukipata gausi nzima, kaangalie baiskeli.