Maswali ya Wasomaji: Kaburi la Sunderland Point, njia ya Chuma na Susi, na vijiji vilivyohamwa

Tumesikia kuna kaburi la kijana Mwafrika ufukweni karibu na Lancaster, ila barabara ya kwendea humezwa na bahari. Tunataka kwenda na watoto kwa gari. Tufanyeje tusikwame?
*Msomaji, Preston*

Mahali penyewe ni Sunderland Point, kwenye mlango wa mto Lune. Msipachanganye na jiji la Sunderland, ambalo liko pwani ya mashariki. Kwenye ramani ya simu tafuteni kwanza Overton, kijiji cha mwisho kabla ya maji. Kutoka hapo barabara ni moja tu, nyembamba, inayokatiza matope na majani ya chumvi, na maji yakijaa hufunikwa.

Aliyekulia Unguja au Mombasa amezoea bamvua la mita nne hivi. Kwenye ghuba ya Morecambe, tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hufika mita 10. Tena ufuo ni tambarare, kwa hiyo maji hayaji kwa mbele tu. Huanza kujaza vifereji, na unaweza kuzungukwa kwa nyuma huku mbele yako bado ukiona matope makavu.

Chukueni jedwali la maji la Morecambe au Heysham la siku mnayokwenda, mtazame saa ya maji kujaa. Kisha angalieni jedwali limeandikwa kwa saa gani, kwani hapo ndipo wengi wanapokosea. Majedwali mengi hufuata saa za Greenwich mwaka mzima, ilhali kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza husogezwa mbele kwa saa moja. Tuseme ni Julai na jedwali la Greenwich linasema 11:10. Kwa saa ya mkononi hiyo ni 12:10, yaani saa sita na dakika kumi mchana. Ushauri wetu ni kuacha nafasi ya saa tatu kila upande: msiingie barabarani kabla ya saa tisa na dakika kumi alasiri, na kwa kuwa maji yatajaa tena mnamo saa sita na nusu usiku, saa tatu na nusu usiku iwakute mmeshatoka. Kesho yake kila kitu kitasogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa hiyo jedwali la jana halifai. Upepo mkali wa magharibi nao huyaleta maji mapema na juu zaidi ya ilivyoandikwa.

Mkikuta maji yameshafika barabarani, hata yakiwa ya kifundo cha mguu, geuzeni gari. Ukingo wa lami hauonekani chini ya maji, na gurudumu likitoka nje ya lami linazama kwenye tope. Changarawe iliyo mbele ya nyumba, ambako watu huegesha, nayo hufunikwa. Tazameni mstari wa mwani uliokauka, maana unaonyesha maji ya mwisho yaliishia wapi.

Kaburi haliko upande wa nyumba. Piteni kijia kinachokatiza rasi kwenda upande wa magharibi, na mkifika ufukweni pindeni kushoto hadi lango la shambani. Mtakuta bamba la jiwe lililolazwa, limezungukwa na vijiwe vilivyochorwa na watoto wa shule na wageni. Watoto wenu waongeze cha kwao wakitaka, ila vilivyopo wasivichukue.

Aliyelala hapo alifika karibu mwaka 1736 kwa meli iliyotoka visiwa vya Karibi, akiwa mtumwa wa nahodha. Katika karne hiyo Lancaster ilikuja kuwa miongoni mwa bandari kubwa za Uingereza katika biashara ya watumwa, na meli nyingi zilisimama Sunderland Point kwa sababu mto ulikuwa na kina kidogo. Bwana wake alipoondoka kwenda mjini, kijana huyu alibaki kwenye nyumba ya wageni na akafia hapo. Jarida la mwaka 1822 lilisema alikufa kwa huzuni ya kuachwa. Lakini ugonjwa uliompata safarini, au ambao mwili wake haukuwahi kukutana nao, unaeleza kifo hicho vizuri zaidi. Alizikwa shambani kwa kuwa hakuwa amebatizwa. Bamba na shairi viliwekwa mwaka 1796, miaka 60 hivi baadaye, kwa mchango wa wageni. Jina la “Sambo” lililoandikwa pale lilikuwa jina ambalo Wazungu walimbandika Mwafrika yeyote. Alilopewa na mama yake halikuandikwa popote, na watoto wenu wanastahili kuambiwa hivyo wakiwa wamesimama papo hapo.

Kule Bagamoyo tulifundishwa kuwa Chuma na Susi walimbeba Livingstone hadi pwani. Je, walifika Uingereza? Kuna mahali naweza kwenda kuona walipokaa?
*Msomaji, Leicester*

Walifika, ila walichelewa mazishi. Maiti ya David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, ilitolewa Chitambo, katika Zambia ya leo, ikabebwa kwa miguu hadi Bagamoyo na kufika Februari 1874. Aliyesafiri nayo hadi Uingereza ni Jacob Wainwright, Mwafrika mwenzao wa msafara aliyesomeshwa na wamisionari huko India, naye alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Abdullah Susi na James Chuma waliletwa baadaye mwaka huohuo, kwa nauli iliyolipwa na James Young, mwanakemia Mskoti aliyekuwa rafiki wa marehemu.

Wewe uko Leicester, kwa hiyo maeneo mawili hayako mbali nawe. La kwanza ni Newstead Abbey, kaskazini ya Nottingham. Watu huenda huko kwa ajili ya mshairi Byron, ambaye ukoo wake ulikuwa na nyumba hiyo. Lakini tangu 1861 mwenye nyumba alikuwa William Webb, rafiki wa Livingstone, na Livingstone mwenyewe alikaa hapo miezi kadhaa mwaka 1864 na 1865 akiandika kitabu cha safari za Zambezi. Chuma na Susi walipokelewa katika nyumba hiyohiyo. Kwa basi, panda Nottingham linaloelekea Mansfield, ushuke kwenye lango. Kutoka langoni hadi kwenye nyumba ni mwendo wa kilomita moja na nusu hivi ndani ya miti, basi vaa viatu vya kutembelea. Bustani na nyumba zina ratiba tofauti. Usiondoke kwako kabla ya kuhakikisha kuwa nyumba yenyewe iko wazi siku hiyo.

La pili ni Twywell, kijiji kidogo upande wa mashariki wa Kettering. Horace Waller, kasisi wa kijiji hicho, ndiye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizotoka mwishoni mwa 1874. Chuma na Susi walikaa na Waller wakimfafanulia mito, majina ya machifu na siku za njiani ambazo daftari halikuzieleza. Bila ya hao wawili, sehemu ya mwisho ya kitabu isingeeleweka. Kanisa la Mtakatifu Nicholas lipo bado. Makanisa ya vijijini aghalabu hufungwa, lakini soma tangazo kwenye baraza la mlangoni, kwani mara nyingi huonyesha ufunguo uko kwa nani.

Jiwe la Livingstone kule Westminster linasema aliletwa na mikono miaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hiyo hayamo.

Rafiki yangu anasema vijiji vilivyotoweka Uingereza vyote viliuawa na tauni. Ni kweli? Na nitavitambuaje?
*Msomaji, York*

Si kweli, na karibu nawe kuna ushahidi mzuri: Wharram Percy, kusini-mashariki ya Malton. Tauni ya 1348 na 1349 ilipunguza watu, lakini kijiji kiliendelea kuishi zaidi ya miaka 100 baada yake. Kilichokimaliza, kufikia miaka ya 1500, ni wenye ardhi kuona kuwa kondoo wanalipa kuliko wapangaji wanaolima. Tunayajua haya kwa sababu wachimbuaji wakiongozwa na Maurice Beresford na John Hurst walipachimba kila kiangazi kuanzia 1950 hadi 1990.

Nenda asubuhi au jioni wakati wa baridi, jua likiwa chini na majani mafupi. Saa sita mchana mwezi wa Juni utaona malisho tu. Jua la chini hutupa vivuli, ndipo yanapojitokeza matuta ya mstatili yaliyokuwa misingi ya nyumba, na mfereji mpana wenye majani ambao ndio barabara ya kijiji, iliyochimbika kwa miguu na magurudumu. Mashambani tafuta mawimbi yanayofuatana, alama ya jembe la ng’ombe. Kwenye ramani za Ordnance Survey za 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita 1, maeneo ya kale ya namna hii huandikwa kwa herufi za mtindo wa kizamani. Kuingia ni bure, hakuna choo wala duka. Njia kutoka maegesho inateremka, na mvua ikinyesha huteleza.

Ukitaka kijiji kilichopigwa na tauni kwelikweli, nenda Eyam, Derbyshire, ambako watu wanaishi hadi leo. Tauni ilianza huko Septemba 1665, na mwaka uliofuata wanakijiji walikubali kujifungia wasiambukize majirani. Kwenye njia ya kwenda Stoney Middleton liko jiwe la mpaka lenye matundu. Waliweka sarafu humo ndani ya siki, majirani wakizichukua na kuacha chakula.

Imber au Tyneham? Nina siku moja tu ya mapumziko.
*Msomaji, Southampton*

Tyneham, isipokuwa siku yako iangukie siku ambayo Imber iko wazi. Vijiji vyote viwili vilihamishwa na jeshi Desemba 1943 kwa mazoezi ya vita, na wenyeji hawakurudishwa. Tyneham, pwani ya Dorset, hufunguliwa wikiendi nyingi na sikukuu, na kutoka magofu unatembea dakika 20 hivi hadi ghuba ya Worbarrow. Fuata vigingi vya manjano bila kutoka nje hata hatua moja, kwa sababu mabomu ambayo hayakulipuka bado yamo ardhini. Bendera nyekundu ikipandishwa, rudi.

Imber, kwenye uwanda wa Salisbury, hufunguliwa siku chache tu kwa mwaka. Siku moja ya Agosti mabasi ya zamani ya London hupeleka watu kutoka Warminster. Ukiipata siku hiyo, ingia kanisa la Mtakatifu Giles, utazame michoro ya kale kwenye kuta. Majengo mengine mengi utakayoyaona ni vijengo vya matofali vya kufundishia askari.