Jibu: Mapokezi wanashusha bei ninazopanga

Dada, nimekuelewa: umepewa kazi ya kupanga bei katika hoteli ya ufukweni Nungwi, unapandisha bei ya Agosti, na vijana wa mapokezi wanaishusha mgeni akinung'unika kidogo tu. Sasa meneja anataka wakatwe mshahara. Mzuie kwanza. Makato ya mshahara yana sheria yake, na mkiyafanya kiholela mtaishia kwa ofisa wa kazi. Mwanasheria aione mikataba kabla ya lolote.

Nilikaa mapokezi miaka mingi kabla ya kuhamia upande wa bei, na najua kinachowasibu. Mgeni anaweka simu mezani: "Mbona wa chumba cha jirani kalipa kidogo?" Kijana hana jibu, anaona haya, anapunguza. Mpe jibu: yule alilipa mapema, na pesa yake hairudishwi. Alitamke mbele yako mpaka limkae mdomoni.

Halafu mpe na mamlaka. Weka bei ya chini kabisa, asishuke hapo. Juu yake aamue mwenyewe, au atoe chakula cha jioni badala ya punguzo. Asubuhi waonyeshe vyumba vilivyobaki, kisha waulize: jana mgeni gani alipiga simu akaikataa bei, na kwa nini? Programu yako ya kupangia bei haisikii simu hizo.

Na kama bonasi yao inahesabiwa kwa vyumba vilivyojaa, hapo ndipo penye tatizo: watashusha bei ili vijae. Ihesabuni kwa mapato, na wahudumu wa vyumba nao wapate.