Wayahudi humheshimuje anayejitolea?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika usharika wetu hapa Makole, Dodoma, yupo mama ambaye kwa miaka mingi amefagia kanisa na kuwapikia wageni bila malipo. Nimesikia kwamba Wayahudi humheshimu mtu kama huyo ndani ya ibada yenyewe. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji, na jambo hilo linanigusa sana. Katika sinagogi ni heshima kubwa kuitwa mbele Torati inaposomwa. Katika sikukuu ya Simchat Torah, ambapo usomaji wa mwaka mzima hukamilishwa kwa mlango wa mwisho wa Kumbukumbu la Torati na kuanzwa upya papo hapo kwa Mwanzo, nafasi hizo mbili, ya kumaliza na ya kuanza, mara nyingi hupewa watu waliolitumikia kusanyiko kwa bidii. (Makusanyiko ya Kiyahudi ya Kiorthodoksi, yaani yanayoshika sana mapokeo, kwa kawaida huita wanaume, mengi mengine huwaita wanawake pia.)

Hata hivyo, mimi napenda zaidi sala ya Sabato asubuhi, inayowaombea baraka watoao taa za kuangazia, divai, mkate wa wageni na sadaka kwa maskini, pamoja na wote washughulikiao mahitaji ya jumuiya kwa uaminifu, maana hapo kazi ya jikoni hutajwa waziwazi mbele za Mungu.

Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi mama huyo kitenge cha shukrani, mwombeni mchungaji amtaje kwa jina katika sala ya Jumapili, pamoja na ufagio wake na sufuria zake.