Soma Mtumbwi Kabla ya Kushika Msasa

Vijana wangu, juzi nimemkuta tena mmoja wenu akichana turubai la mtumbwi mkongwe ambao hata ndani hajauchungulia. Nawapenda, lakini kwa hili sina subira.

1. Jueni asili. Mitumbwi ya mwerezi na turubai ya Maine, jimbo la Marekani, imezaliwa na mitumbwi ya magome ya Wapenobscot, wenyeji wa asili wa kule, na jirani zao. Umbo ni lao, na mataruma yale, mbavu za ndani zilizo pana lakini si nene, ni yao. Kina Evan Gerrish wa Bangor, karne ya 19, waliweka turubai mahali pa gome. Viwanda vikaongeza kalibu, umbo la kujengea mtumbwi juu yake, yenye mikanda ya chuma: msumari ukigonga mkanda unajikunja wenyewe. Basi msiwasifu wenye viwanda peke yao.

2. Namba kwanza. Old Town, kiwanda cha mitumbwi cha Maine, waligonga namba ya kila mtumbwi kwenye miti iliyopinda ya omo na tezi (ncha ya mbele na ya nyuma), upande wa ndani, na kumbukumbu zao nyingi zipo hadi leo: aina, urefu, rangi, tarehe, ulikopelekwa. Bibi mmoja alituletea mtumbwi wa babake, akitaka kujua ulinunuliwa wapi. Kijana wetu, mwenye bidii kweli, aliona mti wa omo umefifia, akaupiga msasa hadi ukang'aa. Tulikimbilia tezi. Kule mti ulishaoza zamani, fundi mwingine akauweka mpya, mtupu. Tukamulika taa kwa ubavu, tukalowesha mbao, tukapapasa kwa vidole. Tulipata mkia wa tarakimu moja, labda 3, labda 8. Karatasi ya mtumbwi ule huenda imo kwenye kumbukumbu za kiwanda, lakini bila namba hakuna atakayeijua. Bibi alinyamaza, akauliza kama rangi ya kijani bado tunaweza kuipaka. Hilo linaniuma hadi leo.

3. Si kila mtumbwi una karatasi. Kiwanda cha Morris, kule Veazie, Maine, kiliungua 1919 pamoja na kumbukumbu zake, kwa hiyo mtumbwi wake mtausoma kwa mwili: tazameni miti ya ncha inavyotanuka inapofika sakafuni. Na wa Peterborough wa mbao tupu msiuvishe turubai! Kule Ontario, Kanada, walikuwa wakiunda hivyo tangu miaka ya 1850.

4. Dawa ya kuziba nyuzi za turubai hukauka kwa wiki, si kwa siku. Atakayepaka rangi mapema atalivua turubai mwenyewe.