Anayekudhuru kwa mapenzi

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama yule mwanamke anayetambaa nyuma ya karatasi ya ukutani katika "The Yellow Wallpaper" ni mzimu wa kweli au ni wazimu wa msimulizi tu. Mimi, kila niisomapo hadithi hiyo ya Charlotte Perkins Gilman, iliyotoka mwaka 1892, simtazami huyo. Namtazama John, daktari na mume wa huyo msimulizi, anayembeba mkewe mikononi hadi chumba cha juu chenye nondo madirishani na kitanda kilichopigiliwa sakafuni, akamsomea kitabu mpaka kichwa kikamchoka, naye huyo huyo hapendi kumwona akiandika hata neno moja. Hampigi wala hamtukani. Jini husomewa likatoka. Anayekudhuru kwa mapenzi utamsomea nini?

Gilman hakuyatoa hewani. Baada ya kujifungua alizama katika huzuni, na mwaka 1887 daktari mashuhuri wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell, akamlaza, akamlisha, kisha akamrudisha nyumbani na agizo la kutoshika tena kalamu maishani.

Habari za arobaini ya mdogo wako unazijua, ila kisa cha daftari hukuambiwa. Nilikuwa silali, machozi yakinitoka bila sababu, nikawa naandika usiku wote mkiwa mmelala. Shangazi yako, ambaye kila asubuhi alinikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga, alilikuta daftari chini ya mto, akalichukua kwa upole, akasema mzazi hachoshi macho. Baba yako akasema dada yake anajua. Nilipokuja kuliulizia, nikaambiwa limewashia moto wa maji yangu ya kuoga.

Sisemi walikuwa wabaya. Bila uji ule na mikono ile sidhani kama ningesimama, na pengine kweli macho yalitaka kupumzika. La, hayakutaka, kilichokuwa kikiuma si macho. Lakini ningemlalamikia nani, naye amesimama mbele yangu na bakuli la uji? Ndiyo maana nilipofika kwa Jennie, dada wa John, mtunza nyumba hodari ambaye msimulizi humficha maandishi yake, nilikifunga kitabu. Anayekudhuru kwa mapenzi, narudia, hana dua.

Wapo wanaosema kwamba mwishoni, John anapozimia na mkewe akampitia juu yake, mwanamke ameshinda. Siafiki: bado anatambaa, na bado yumo chumbani.

Najua swali lako linalofuata ni kama baba yako alikuwa John. Jibu ninalo na ulimi unaniwasha, ila silitii humu, maana barua hii ataipeleka posta yeye.

Mama yako