Siku zote zinafanana? Mimi nilitolewa na pembe

Ndugu uliyeuliza kama muziki wa kwenda kuusikia mwenyewe unaweza kumtoa mtu kwenye siku za kazi, nyumba, simu, kulala: mimi ulinitoa, ila si kwa kusikiliza.

Nakaa Langoni, Lamu. Kila asubuhi navuka kwa boti hadi Mokowe kuandika risiti kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Saruji, misumari, mabati. Jioni boti tena. Miaka minne hivyo. Kwenye simu nilijaza taarab za Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa hapahapa kwetu, nazisikiliza kwa waya masikioni huku injini inazifunika. Nikishuka, ukiniuliza nimesikia wimbo gani, sijui.

Basi kwa jirani kukawa na harusi. Nilienda kwa kuona haya tu, nile biriani nirudi kulala. Kufika, wanawake washajipanga kichochoroni na vugo, zile pembe zinazogongwa kwa kijiti. Shangazi mmoja akanitia moja mkononi: “Ndoo, tukua!” yaani njoo, chukua. Nikadhani kazi rahisi. Wee! Ukigonga huku unawaza saruji, unapotea palepale. Nilipotea mara tatu. Shangazi hakusema neno; alinisogelea akawa anagonga yake karibu na sikio langu mpaka mkono wangu ukafuata. Na vichochoro vyetu mnavijua, kuta zimekaribiana, mlio hauna pa kwenda, unakurudia kifuani. Punda mzima na mzigo wake ilibidi asubiri. Nilikuja kuikumbuka simu saa sita usiku, imo mkobani, na mkoba sijui nilimwachia nani.

Vugo ni la wanawake. Kama wewe ni mwanamume, ngoja Mfungo Sita, Maulidi ya msikiti wa Riyadha hapa Lamu: matwari, zile ngoma za kupigwa kwa mkono, safu za watu wanaoyumba pamoja, na hulipi kitu. (Wapo wasiotaka iitwe muziki; sibishani nao.) Taarab ya harusi nayo tamu, hasa mtu akiinuka kumtunza mwimbaji pesa, naye akamrudishia ubeti uleule, wimbo wa dakika tano unafika robo saa. Ila usikae nyuma ukirekodi.

Kesho yake risiti zilikuwa zilezile. Bosi akaniuliza mbona nagonga meza kwa kalamu. Nikamwambia nahesabu mabati.